UZI: Picha za babu zilikuwa 63, zenye majina 20 tu. Tulivyotengeneza kitabu cha ukoo hapa Ujiji

Mleta uzi

Wakuu habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Mwaka juzi baba yangu mkubwa alifariki hapa Ujiji. Siku ya arobaini, khitma ilipokwisha na wageni kupungua, mama mkubwa aliingia chumbani akatoka na sanduku la bati la babu. Sanduku lile tumelijua tangu utoto. Lilikaa uvunguni na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa. Ndani tulikuta koti la reli, filimbi, msahafu uliofungwa kwa kitambaa, na bahasha tatu za kaki zimejaa picha.

Tulikaa mkekani tukawa tunapokezana. "Huyu babu." "Na huyu aliye naye?" Kimya. Picha zilikuwa 63. Zile ambazo kila aliyemo tunamjua zilikuwa 20. Zilizobaki 43 zina watu waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, wakatoa pesa yao, wakasimama mbele ya kamera ili wakumbukwe, na sisi wajukuu zao hatujui hata kama ni wa upande wa babu au wa bibi.

Aliyekuwa anawajua wote ni baba mkubwa, tuliyemzika siku 40 nyuma. Miaka yote hiyo alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Ndiyo maana naandika. Wengi wakitaka kitabu cha ukoo wanaanza kuuliza skana gani, nani anachapa vizuri. Mimi nasema anza na mzee aliyebaki. Skana utaikuta hata mwakani.

Kwetu aliyebaki ni mdogo wake bibi, anaishi Tabora, ameshavuka miaka 80. Alikuja na treni kwa ajili ya arobaini. Nikampa picha moja ndogo, ya ukubwa wa kiganja cha mtoto, wanawake wanne wamesimama mlangoni. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akanirudishia. "Sioni, mjukuu wangu." Ana mtoto wa jicho. Nusura tuishie hapo.

Usiku nikapata wazo. Nikaipiga ile picha kwa simu, nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni, nikaikuza mpaka ikajaa kioo chote. Nikamwita. Hakutambua sura ya mtu hata mmoja. Alitambua mlango. "Huu mlango wa kwa mama. Hiki kipande cha ubao aliongeza baba, kuku walikuwa wanapita chini." Kisha akanyamaza, akaniambia nishushe picha aone miguu. Nikashusha. Wa mwisho kulia alikuwa amevaa viatu vyeupe.

"Viatu vya dada. Aliniazima siku ile tu." Yule wa mwisho kulia ni yeye mwenyewe, na hakuwahi kuiona ile picha tangu ilipopigwa.

Baada ya hapo majina yalikuja yenyewe, wote wanne, nani alimuoa nani, nani alikufa akijifungua. Tulikaa mpaka karibu na alfajiri. Kwa siku tano alizokaa kwetu, kati ya zile 43 alizipa majina 31.

Mleta uzi (inaendelea)

Nieleze tulivyofanya kazi naye, maana hapa ndipo penye faida.

Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani". Atakwambia hajui, utamvunja moyo bure. Muulize kwa matukio: ulikuwa umeshaolewa? Uhuru ulikuwa umeshapatikana? Ziwa lilikuwa limepanda au bado? Sisi watu wa pwani ya ziwa tuna bahati hiyo. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha Ziwa Tanganyika, na kufika 1964 lilikuwa juu sana. Bibi alipoitazama picha moja ya ufukweni akasema "hapa maji yameshakula ile miembe", tukajua angalau ni baada ya hapo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 navyo ni alama nzuri, karibu kila nyumba ina mtu aliyekwenda au aliyerudi.

Picha yenyewe nayo inasema ukiiangalia kwa lenzi. Babu alikuwa gadi wa treni, njia ya Tabora hadi Kigoma. Kuna picha amesimama kwenye jukwaa la stesheni, kofia kichwani, bendera kwapani. Kwa miaka yote tuliamini alipigwa Kigoma. Nilipoikuza, kwenye kofia zikaonekana herufi EAR&H, yaani Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo liliundwa 1948, na 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Kwa hiyo picha iko kati ya miaka hiyo 21. Halafu nyuma ya bega lake kuna kibao cha stesheni kimekatika, zimebaki herufi "RAMBO". Urambo! Bibi aliposikia akasema bila kusita: "Basi ni safari aliyokwenda kumposa dada." Dada yake alikuwa akilelewa kwa shangazi yao Urambo. Picha ya babu kazini, kumbe ni picha ya babu anakwenda kuposa.

Angalieni nyuma ya picha pia. Mihuri ya studio, maandishi, hata aina ya karatasi. Karatasi za picha zenye utando wa plastiki zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwa hiyo picha ya karatasi tupu iliyojikunja kama jani kavu mara nyingi ni ya kabla ya hapo.

Mzee akiongea, rekodi sauti. Weka simu iwe haipokei simu, ikipigwa katikati baadhi ya simu hukata kurekodi. Mimi nilipoteza hadithi ya msafara wa Kaliua hivyo hivyo, na alipoirudia haikuwa na utamu ule.

Jambo moja nawasihi: jina liandikwe palepale. Nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini na mkono mwepesi. Peni ya wino inasukuma karatasi mpaka mstari unatokea usoni mwa mtu, na wino wenyewe unaweza kupenya.

Mdau wa Mwanga

Mkuu umenitoa machozi na hivyo viatu. Swali: sina skana, nina simu tu ya kawaida. Na picha zetu nyingi ziko kwenye albamu zile za gundi zenye plastiki juu, nyingine zimeganda kwenye kioo cha fremu. Nifanyeje?

Mleta uzi

Pole na asante. Simu inatosha kuanzia. Weka picha mezani karibu na dirisha, kivulini, jua lisiingie moja kwa moja. Zima flashi. Simu iwe sambamba na picha, ukiinamisha kidogo watu watarefuka upande mmoja. Ukipata skana ya steshenari, mwambie aweke nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo ili ukiikuza isivunjike. Kwa kubwa 300 zinatosha.

Albamu za gundi ni adui mkubwa. Gundi inakula picha kwa nyuma na plastiki inaikaba kwa mbele. Usivute kwa kucha. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe taratibu chini ya picha kama unakata sabuni, kutoka kona moja kwenda nyingine. Ikigoma, iache ilivyo, ipige picha humohumo.

Iliyoganda kwenye kioo usiibandue kabisa. Ile rangi itabaki kioo na wewe utabaki na karatasi nyeupe. Skani juu ya kioo chake.

Na usioshe picha! Tunayo moja ina doa la mawese, alama ya kidole cha mtu, ipo pembeni ya sura ya bibi. Binamu alitaka kuipangusa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, nikamzuia. Tuliisafisha kwenye kompyuta tu, na kitabuni nikaiweka na doa lake. Kidole kile ni cha mtu wa kwetu aliyetoka kupika.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zifanyeni mwanzo. Zinageuka nyekundu hata zikiwa gizani, kwa sababu kwa nyingi rangi ya samawati ndiyo inayotangulia kufifia. Zile nyeusi na nyeupe, kama hazikupata maji wala mchwa, zinasubiri.

Kutuma kwa ndugu WhatsApp, tuma kama dokyumenti. Ukituma kama picha inapunguzwa ubora, na ndugu wa Dar atakuwa na nakala isiyofaa kuchapwa. Nakala ziwe tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye flashi, na moja nyumba nyingine kabisa au mtandaoni. Ziwa lilipopanda tena 2020 na 2021, wenzetu wa mwambao walihama na magodoro kichwani. Hakuna anayekumbuka albamu siku hiyo.

Na mwisho kwa swali lako, usimwachie mtu picha halisi. Nilipeleka tano kwenye duka moja mjini wazikuze. Zilirudi nne. Ya tano ilikuwa ya bibi mzaa baba akiwa na mtoto mgongoni, na haikuwa na nakala. Nimekwenda mara sita. Siku hizi nakaa hapohapo mpaka inatoka kwenye mashine.

Mdau wa Tabora

Nichangie upande wa karatasi. Sisi ni Wakatoliki, na kilichotusaidia ni kitabu cha ubatizo cha parokia. Wamisionari wa Afrika walifika Tabora 1878 na huko kwenu Ujiji 1879, na kazi ya kuandika walikuwa wanaijua. Kwa kila mbatizwa utakuta tarehe, wazazi, msimamizi. Pembeni huwa wanaongeza ndoa ikifungwa, hata kama imefungwa parokia nyingine. Pembeni mwa jina la bibi yetu tuliona ndoa ambayo hakuna aliyewahi kututajia. Nendeni kwa adabu, muombeni paroko, msiende na haraka siku ya Jumapili.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, hili ni dhahabu. Sisi Waislamu hatuna kitabu cha parokia, lakini nimetaja msahafu wa babu. Tulipoufungua kitambaa, kwenye karatasi tupu ya mwanzo kulikuwa na mistari saba kwa herufi za Kiarabu. Tukadhani ni dua. Mwalimu wa madrasa akatusomea: ni Kiswahili! Babu aliandika kuzaliwa kwa watoto wake wote saba, siku, mwezi na mwaka wa Hijria. Wa saba aliishi siku tisa, nalo limeandikwa. Hatukujua kama kulikuwa na wa saba.

Shangazi yangu, ambaye kitambulisho chake kinasema 1955, ameandikwa Rajabu 1372. Tukapiga hesabu, Rajabu ya mwaka huo iliangukia Machi na Aprili 1953. Nilipompigia simu kumwambia, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo baba aliniandika." Mwaka wenyewe haukumshughulisha.

Ukurasa ule wa msahafu ndio ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu. Maandishi ya babu juu, chini yake usomaji kwa herufi za leo.

Mdau wa Kasulu

Mleta uzi, nakupongeza ila nyie mna sanduku. Sisi wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, wazee walihamishwa na walichoweza kubeba. Baba anasema picha moja tu ilikuwepo ya babu na haikufika. Hatuna hata moja. Kitabu kitakuwa cha nini?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimefikiria jibu lako siku nzima.

Mzee wako yupo? Kama anaweza kutembea au kukaa kwenye bodaboda, nenda naye kule walikotoka. Usichukue hatua bila simu kurekodi. Aonyeshe ilipokuwa nyumba, kisima, makaburi, mti waliokuwa wanakaa chini yake. Piga picha pale anaponyoosha kidole, na kidole chake kiwemo. Kisha mchore ramani kwa mkono, hata mbaya, yeye akikuelekeza: kwa fulani hapa, njia ya mtoni huku. Ramani hiyo leo haipo popote duniani ila kichwani mwake.

Halafu vitu. Kinu, kigoda, mkuki, mtungi wa pombe, jembe lililolika mpaka likawa kama kijiko. Vipige mchana, chini yake andika nani alikitumia. Na muulize baba babu alifanana na nani katika wajukuu. Mpige huyo mjukuu picha. Kitabu chenu kitakuwa na maneno mengi kuliko chetu, na kwa maoni yangu kitakuwa na thamani zaidi.

Mdau wa Ujiji

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima. Nawasoma na nina wasiwasi. Si kila picha ni ya kuonyesha watu. Kuna wanawake walipigwa hawajajifunika, leo ni marehemu, hawawezi kukataa. Na si kila habari ya ukoo ni ya kuandika, hasa Ujiji hii yetu. Mmelifikiria hilo?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Umesema lililotuchukua muda kuliko yote.

Kwa picha, tulikubaliana kikaoni: kila marehemu ana msemaji wake, mtoto au mjukuu wa karibu, na msemaji akisema hapana basi hapana. Shangazi alikataa picha mbili za bibi. Zimehifadhiwa, hazikuchapwa. Kwa sababu hiyohiyo sitaji jina la mtu humu, wala sipandishi picha yoyote.

La pili ni zito. Wote tunaijua Ujiji ilikuwa nini. Njia ya misafara iliyopita Tabora iliishia hapa ziwani, na watu walivushwa kutoka ng'ambo si kwa hiari yao. Koo nyingi za hapa zina mtu mmoja ambaye habari zake zinaanzia majini. Kwetu ni mama wa babu. Nilimuuliza yule bibi yetu wa Tabora, ambaye alisikia kwa wakwe zake. Akakunja kanga mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Andika alitoka ng'ambo, alikuja mdogo. Usiandike zaidi."

Sikuandika zaidi, mama. Ukurasa ule una sentensi hiyo moja, sehemu iliyobaki ni nyeupe. Kuna kijana wa familia alitaka tujaze kwa kukisia, kabila gani, alifikaje. Nilikataa na bado nakataa. Siku zijazo kama kuna anayejua, nafasi ipo.

Mdau wa Mwanga

Na kuchapa? Tupe maelekezo.

Mleta uzi

Kwa kifupi maana uzi umeshakuwa mrefu. Kurasa 48. Mchapaji atakutaka hesabu inayogawanyika kwa 4, na kwa kitabu cha kushonwa mara nyingi kwa 16, kwa hiyo panga mapema. Karatasi tulichagua nene ya gramu 150, isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa mzee akiielekeza kwenye taa haoni kitu. Maandishi makubwa. Sura ya mtu isikae kwenye mkunjo wa katikati.

Nakala ya mfano tuliletewa imebandikwa gundi mgongoni. Ilipita mikono ya watu kama ishirini sebuleni, kila mmoja akiilaza wazi, jioni kurasa sita zilikuwa zimechomoka. Tukarudisha, tukaomba kushonwa kwa uzi na jalada gumu. Ni ghali zaidi, tulichangishana miezi minne. Kama mfuko hauruhusu, chapisha steshenari, toboa, funga kwa waya. Majina ni yaleyale.

Mwishoni tuliacha kurasa nne tupu, na mfuko mdogo kwenye jalada la nyuma wa kuweka flashi yenye sauti ya bibi.

Mleta uzi (mrejesho)

Wakuu, wengi mmeuliza bibi alisemaje.

Nilimpelekea mwenyewe Tabora, na treni. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa kwanza. Akaniambia nimsomee, ukurasa kwa ukurasa, hataki niruke hata chini ya picha. Tulipofika ile ya mlangoni, ambayo nimeikuza ikajaa kurasa zote mbili, nikamsomea majina manne kutoka kushoto.

"Hapana," akasema. "Wa pili na wa tatu umewabadilisha."

Nikacheza ile sauti niliyorekodi Ujiji. Ni kweli, alitaja sawasawa, ni mimi niliyekosea kuandika. Vitabu 30 vimeshachapwa. Nikatoa penseli nikasahihisha nakala yake palepale, yeye akiwa ameweka kidole kwenye sura ya dada yake ili nisikosee tena. Wiki hii nazunguka nyumba kwa nyumba, Ujiji, Gungu na Katubuka, nasahihisha zilizobaki. Zimebaki tano.